Yaya, Jirani Yako Anaitwa Nani?

Majengo, Goma, 18 Januari 2026

Yaya Charline, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Kifua chako kimepona? Sisi tuko wazima. Papa anakohoa kidogo, ni vumbi tu la barabara.

Unasema nije huko Sherbrooke nisomee uuguzi, na Papa ameniachia nijibu mwenyewe kabla parokia yako, itakayonidhamini, haijafunga faili mwezi wa sita. Mwalimu alitufundisha kulinganisha nchi: maji, umeme, hospitali, shule, usalama. Nimelinganisha. Kanada inatushinda kila mahali. Hapa maji ni bidoni, dumu zima, mgongoni, na risasi zikilia shule inafungwa.

Lakini Yaya, katika barua zako zote nimeona robine ya maji, basi, mashine ya kufua. Sijaona mutu. Jirani yako anaitwa nani?

Mudogo wako,
Dative

Sherbrooke, 6 Februari 2026

Dative mupenzi,

Nimefurahi kusikia kwamba muko wazima. Kifua kimepona. Ila wewe mutoto, unaniuliza kama askari wa kizuizi cha barabarani! Nakuambia huku mutu anafungua robine anakunywa, wewe unatafuta majina. Jirani yupo. Watu ni wazuri. Shule iko karibu. Leta jibu haraka.

Yaya wako

Majengo, 1 Machi 2026

Yaya,

Amani iwe kwako. Papa hakohoi tena.

Usikasirike. "Jirani yupo", hata mutu ambaye hajavuka mpaka anaweza kuandika hivyo. Unamkumbuka Sylvie, mutoto wa Mama Niyibizi? Shangazi yake alimuita Kampala kusoma, mtaa mzima ukamshangilia. Sasa analea watoto wa shangazi, na shule anaipita tu njiani. Wewe unaniita nisome, au kuna jambo lingine?

Papa aliniambia, "Huyo ni dada yako, si mchuuzi."

Nikamjibu, "Ndiyo, Papa, lakini anasifu kama mchuuzi."

Alicheka.

Mudogo wako, anayekupenda hata akikushuku,
Dative

Sherbrooke, 27 Aprili 2026

Dative,

Nawasalimu wote. Nimechelewa kujibu. Nilikasirika, halafu nikaona haya.

Jina la jirani silijui. Miaka mitatu tunatenganishwa na ukuta tu. Nilipohamia hapa nilipika maharage na viazi, nikafunika sahani, nikampelekea, kama Mama alivyofanya tulipotoka Kalengera kuja Majengo. Alishukuru sana. Kesho yake nikaikuta sahani mlangoni, imeoshwa, imekauka, tupu. Tupu, Dative! Hata kiazi kimoja, hata chumvi. Nikasema huyu mama amenitukana, na tangu siku hiyo simsalimu. Juzi Buhendwa, tunayefanya naye kazi, alinicheka mpaka machozi: kumbe hapa kurudisha sahani safi ndiyo heshima yenyewe.

Shule ni ya kweli. Nimeenda mwenyewe nikaongea na sekretari. Hutalea mutoto wa mutu. Lakini sikukuita kwa ajili ya shule peke yake. Nakula jikoni nimesimama, kwa sababu nikiketi naona kiti kingine hakina mutu. Hilo ndilo nililokuficha.

Yaya wako

Majengo, 12 Mei 2026

Yaya wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi.

Nilimsomea Papa barua yako kwa sauti. Nilipofika kwenye habari za kiti, alitoka, akasimama nje kwenye mawe ya volkano. Aliporudi alisema, "Wewe unangoja nini? Muandikie."

Zile barua nzuri ndizo zilinitia mashaka. Hii imeyaondoa. Mutu akikubali kusema linalomuuma, hata habari zake za shule nitaziamini. Nakuja. Mwambie padri aliweke jina langu kwenye faili.

Bado neno moja. Wanasema Kanada kuna theluji inayofika magotini. Umeniandikia mwezi wa Februari, na baridi hukuitaja hata mara moja. Sema ukweli wote, Yaya. Nivae nini?

Mudogo wako,
Dative