Tobia wa Kwenye Cheti

Dunda, Bagamoyo
Machi 1938

Shangazi yangu Mwanamkasi,

Shikamoo. Hatujambo; mbuzi wako kazaa pacha.

Shule ya serikali imeninyima ualimu. Wanasema cheti ni cha Tobia, mimi Mwinyimvua nimekiiba. Nimepinga, na kesi itasikilizwa Jumatatu bomani. Shangazi, ni wewe tu uliyekuwepo nilipobatizwa Misheni ili nipate kusomea ualimu. Njoo useme Tobia ni mimi, ama nitafungwa! Nakupigia magoti.

Ila usifikie nyumbani. Baba hajui hata leo. Kutwa anawaambia wenziwe msikitini kuwa mwanawe kaonewa. Amekwisha kufua kanzu yake ya Idi, anataka akae mbele kabisa, asikie kila neno.

Mwanao,
Mwinyimvua