Mbuzi Uliyemlaza

Mwanangu Hamisi,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa, basi herufi zikipinda nivumilie. Baba yako hajambo. Mbuzi wako naye hajambo, na ndiye anayenifanya nishindwe kuinua uso.

Unakumbuka mvua ile ilivyowakimbiza mbuzi wetu wanne, wakajibanza kwenye bani la kukaushia tumbaku la kijiji, moto ukiwa unawaka? Tuliwatoa wanakoroma, mapovu puani. Wewe ulikuwa likizo kutoka chuo cha mifugo. Ukaweka sikio kwenye mbavu zao, ukasema, "Mama, moshi umeumiza mapafu." Ukatoa sindano, wawili ukawachoma kwenye mshipa wa shingo, wawili ukawaacha. Mwalimu wako alitaka kujua kama dawa ya usingizi inayapumzisha mapafu ya namna hiyo au inayamaliza. Ulinieleza yote hayo, nami naitikia tu "ehe, ehe," mawazo yangu yakiwa kwenye mboga jikoni. Halafu ukaenda kisimani.

Nilipogeuka, wale wawili uliowachoma wamenyooka, ulimi nje, macho wazi hayapepesi. Nikamwita Mzee Sefu mchinjaji: "Wahi kisu, wasije wakawa kibudu!" Akawahi. Mmoja akachinjwa. Mzee alikuwa anamgeukia wa pili ulipotupa ndoo ukamkumbatia yule mbuzi kama mtoto.

"Mama, wamelala! Nimewalaza mimi!"

Nami, mbele ya kijiji kizima, nikasema, "Anayelala hufumba macho. Nimekulaza wewe miaka mingapi, leo unifundishe usingizi?"

"Daktari wa kitoweo huyo!" akadakia jirani yetu Zuhura, watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, mwanangu. Ulipokataza nyama isiliwe kwa sababu ya ile dawa, ikafukiwa, wakanuna. Nikanuna upande wao.

Jioni mbuzi wako akainuka, akatafuta maji. Wale ambao hukuwachoma walikohoa hadi wakafa. Ukasema mmoja hatoshi kumwambia mwalimu kitu, labda yule aliyechinjwa angekuwa wa pili. Hukusema kwa ukali. Afadhali ungefoka. Asubuhi ukashika ile njia ya zamani ya wapagazi kwenda Tabora mjini, na tangu hapo salamu zako zinakuja kwa baba yako tu.

Siku hizi mbuzi wako amezaa mapacha. Mwenyekiti wa kijiji alimtaka kwa ajili ya kitoweo cha mgeni, nikakataa, nikaona haya hata kumweleza sababu.

Lakini juzi alijinyoosha juani karibu na kisima, macho nusu wazi. Mzee Sefu akapita, akanitania, "Mama Hamisi, nilete kisu?"

"Mwache," nikamwambia, "amelala. Mwanangu alijua, mimi nilikuwa sijui."

Nilisema kwa sauti, Zuhura akiwepo. Wakacheka. Safari hii walinicheka mimi peke yangu, nikasimama palepale na ndoo yangu mpaka wakamaliza.

Sina uso wa kukwambia njoo. Ila mbuzi huyu ana kifua chake, na hapa kijijini hakuna mwingine anayejua kukisikiliza.

Ni mimi mama yako, ambaye sasa najua upo usingizi wa macho wazi.