Chupa za Wageni

Hanifa, uko? Niko hospitali na mama. Ameanguka uani asubuhi. Kiharusi.

Yuko hai. Usipige simu, nitalia tu.

Shoga, ni mimi niliyemponza. Wallahi ni mimi.

Zile chupa za vitamini wageni wanazoziacha hotelini wakiondoka, si unazijua? Mimi ndiye msafisha vyumba, roho ilikuwa hainipi kuzitupa. Nikawa nampelekea mama Kikoneni kila nikipata ofu. Nikamwambia, "Za nguvu hizi, mama." Za nguvu! Kwa mdomo wangu huu.

Daktari ameuliza anatumia dawa gani ya presha. Wifi yangu Dama akamtolea zile chupa, alikuja nazo kikapuni. Daktari akazisoma moja moja. "Hizi ni vitamini tu. Za presha ziko wapi?"

Dama akarudi nyumbani kuzitafuta. Amezikuta sandukuni, zimefungwa kwenye leso. Za miezi saba, Hanifa. Miezi saba anakwenda kliniki, anapewa, anazifunga, kisha anameza zangu.

Kumbe majirani alikuwa akiwaambia, "Mimi mwanangu ananitibu kwa dawa za Ulaya."

Sasa hivi amefumbua macho. Mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki vizuri. Nikainama nimsikilize.

"Umeniletea?"

Na ninayo mkobani, Hanifa. Niliiokota jana chumbani kwa mgeni, chupa nzima, haijafunguliwa.