Bastola Isiyoingia Penseli

Mzee Wafula,

Natumaini huko uliko hakuna wapumbavu, maana huku wametuzidi. Tangu tukuombee kanisani pale Mesaimeer kabla jeneza lako halijasafirishwa nyumbani, duka letu la vitu vya kale hapa Al Sadd, huku kwa Waarabu, limepata meneja mpya. Anajiita mtaalamu. Mimi namwita Bwana Tai, kwa kuwa tai ya shingoni ndicho kitu pekee anachojua kukifunga. Kichwani ni debe tupu.

Unakumbuka zile bastola za sebuleni, ambazo matajiri wa Ulaya ya zamani walilengea shabaha ndani ya nyumba wakishashiba? Siku uliyonifundisha ulichomoa penseli sikioni ukaijaribu kwenye mdomo wa mtutu. Ikagoma. "Mama, penseli ikikataa, hiki ni kichezeo. Ya kuulia mtu inameza kidole." Ukanionyesha kwamba hakuna mahali pa baruti, fataki peke yake inasukuma kirisasi kama punje ya choroko. Kisha chini ya mtutu, ule muhuri mdogo wa umbo la yai, wa mji wa Liège zilikokaguliwa. Hapo usisugue, ulisema, huo ndio uso wake.

Bwana Tai amesugua. Kwa waya wa kusugulia sufuria, Mzee! Mihuri imefutika yote. Akazilaza mbili kwenye boksi la mahameli nyekundu, akatangaza eti ni bastola za mabwana waliopigania heshima, wakipeana migongo kisha wakageuka na kufyatuliana. Nikamwambia ajaribu penseli. Akacheka. "Nekesa, wewe ulikuja hapa kufuta vumbi."

Kweli nilikuja kufuta vumbi. Yeye amekuja kulileta.

Lakini wateja hawamwamini yeye, wanaamini kadi zako, zile ulizoweka kando ya kila kitu kueleza ni nini na kimetoka wapi. Mwaka wako wa mwisho, vidole vilipoanza kutetemeka, niliandika mimi, hati yangu ikafanana na yako, nawe ukatia W tu pale chini. Basi akaniamuru niandike kadi ya uongo wake na niitie hiyo W. Nilikataa siku nne, nikimdharau kwa raha zangu. Siku ya tano akanikumbusha kwamba kibali changu cha kukaa kiko mikononi mwa mwenye duka. Nikawaza wanangu kule Bungoma.

Nikaandika. Nikatia W yako, Mzee. Yule ni mjinga, hajui. Mimi najua. Sasa niambie ni nani wa kutemewa mate.

Aliyenunua ni rafiki yako wa Al Rayyan, yule mliyekuwa mkinywa gahawa pamoja. Bastola hakuzitazama hata. Alisoma kadi, akaipitishia kidole ile W, akasema, "Allah yarhamah," Mungu amrehemu, akabeba boksi. Nilikwenda stoo nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Kesho ni siku yangu ya mapumziko. Nitakwenda kwake na penseli yako, ile yenye alama za meno yako. Nitamwomba aijaribu kwa mkono wake mwenyewe, halafu nitamwomba anirudishie kadi. Bwana Tai akitaka kunirudisha nyumbani, na anirudishe. Ndege haijui aibu, ila mimi naijua.

Pumzika, Mzee wangu. Nakuahidi, W yako haitalala tena kwenye nyumba ya watu ikidanganya.

Nekesa