Gari Nyeupe Isiyo na Magurudumu

Jumatatu, 3 Juni

Shefu Gélase, mkubwa wangu wa kazi, ameniita ofisini kwake. Nilidhani ni mambo ya mkataba wangu. Kumbe ni kazi mpya. Kuanzia leo mimi ndiye ninayejaza fomu za Lisette kwenye mtandao. Lisette wetu wa mita elfu kumi, yule ambaye picha yake imebandikwa mlangoni mwa shirikisho letu la riadha, mikono juu, macho yamefumbwa.

Nimesoma maelezo yote, kurasa arobaini. Kila siku, hata sikukuu, lazima aonyeshe muda wa saa moja na mahali atakapopatikana. Watu wa vipimo vya dawa za kuongeza nguvu hufika bila taarifa. Hawaruhusiwi hata kumpigia simu. Wakija ndani ya saa ile na hayupo, ni kosa. Makosa matatu katika miezi kumi na miwili, anafungiwa. Olimpiki imekwisha hapo.

Tayari anayo mawili.

Shefu akasema likija la tatu, yeye na mimi tutauza karanga pale soko la Jabe. Akacheka sana. Mimi sikucheka. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa.

Jambo moja linanikera. Saa yake ni kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, nyumbani kwa shangazi yake, Jabe, kabla ya mazoezi. Mtu anakosaje kuwa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi? Mara mbili?

Jumatano, 5 Juni

Amekuja. Mdogo kuliko picha! Kutoka getini hadi mezani kwangu ameguswa na watu sita — nilihesabu dirishani. Mlinzi alimshika bega. Mama anayeuza parachichi getini alimtilia mbili kwenye mfuko, akakataa pesa, akasema atalipwa kwa medali. Wote wanampenda. Yeye alitembea kama mtu anayepita kwenye miiba.

Nilimweleza fomu. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza:

"Wale watu, wanakuja kila siku?"

Nikasema apana, wanakuja wakipenda.

"Kama wamama wa kwaya ukikosa kanisa," akasema. "Unasikia tu hodi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto juu ya meza. Ulikuwa unatetemeka. Akauweka chini ya paja, akaukalia.

Ule ujanja naujua. Mimi hufanya hivyo hivyo mbele ya shefu.

Jumamosi, 8 Juni

Siamini nilichokiona.

Mama alinituma alfajiri kwa fundi Byamungu, nyuma ya msikiti, nichukue jiko letu alilolichomelea mguu. Huku Buyenzi magaraji yanaamka pamoja na adhana, ingawa siku hizi hakuna mafuta na magari yamelala tu. Kwenye kona ya uwanja wake kuna gari nyeupe, Carina, haina magurudumu, imekalia matofali. Vioo vimepandishwa. Ndani kuna mtu. Lisette!

Nilijificha nyuma ya matairi. Kwa nini nilijificha? Sijui. Miguu iliamua.

Fundi Byamungu aliniona, akaniuliza kama nimekuja kuiba tairi au kuioa. Nikamwonyesha gari kwa kidevu. Akasema ule dada anakuja pale miezi miwili sasa, asubuhi asubuhi, anapandisha vioo, analala. Nikasema: na hukumuuliza kitu?

"Petit, kijana wangu, hapa tunauliza gari inaumwa nini. Mutu hatuulize."

Fundi ametoka Bukavu, hasikilizi redio ya michezo. Hajui ni nani amelala kwenye gari lake. Kwa Bujumbura nzima, labda ni yeye peke yake.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Fomu inasema yuko Jabe.

Jumatatu, 10 Juni

Ametuma sauti kwa WhatsApp. Wiki hii: kumi na mbili hadi saa moja, kwa shangazi, Jabe. Kila siku. Sauti imenyooka kabisa.

Nikajaza kama alivyosema. Nimejaza uongo kwa mkono wangu. Maelezo, ukurasa wa thelathini na moja: anayejaza kwa niaba ya mwanariadha… Niliacha kusoma. Kisha nikarudi kusoma: naye anaweza kuadhibiwa.

Hivi anakula dawa? Nimejiuliza siku nzima. Anayekula dawa angewakimbia hao watu, ni kweli. Lakini angekimbilia usingizini? Alikuwa amelala mdomo wazi, kama mtoto aliyelia sana.

Ijumaa, 14 Juni

Zimeletwa fulana. Mia tano, uso wa Lisette kifuani. Nimezipanga kwenye kabati nyuma yangu. Nyuso mia tano mgongoni!

Kocha Libère alikuja kuchukua zake. Akamwambia shefu mwaka huu hakuna mchezo; mwaka jana kwenye mashindano ya dunia alikuwa wa nne, na wa nne na wa mia wanarudi na ndege moja. Shefu akakubali. Kwenye redio ya mlinzi mtu alikuwa amepiga simu, anasema yule binti amekula mchele wa nchi, sasa atapike medali. Watu wakacheka pale getini. Mama wa parachichi pia.

Nilitazama saa. Nilitaka kujua ni mara ngapi kwa siku jina lake linasemwa hapa. Hadi saa tisa: thelathini na nane. Yeye hakuwepo.

Jumapili, 16 Juni. Idi

Baada ya swala mama alipakua sahani za jirani. Nikaomba ya fundi Byamungu niipeleke mimi. Mama akashangaa — mimi, wa kubeba sahani!

Fundi alikuwa kanisani, lakini geti haliko na kufuli. Lisette alikuwa ndani ya Carina. Nilisimama na sahani kama mhudumu wa hoteli hadi akashusha kioo.

"Sekretere. Ni wao wamekutuma?"

Nikasema nimetumwa na mama, na ni pilau. Akafungua mlango wa abiria.

Alikula nusu. Kisha nikauliza. Sijui ujasiri ulitoka wapi, pengine ni kutaka kujua tu, ugonjwa wangu wa tangu shule. Nikauliza: inaanzia wapi, tumboni au kifuani?

Akasema kifuani. Kwanza mikono inakuwa baridi, kisha anasikia uwanja mzima unapiga kelele, hata chumbani, hata shangazi akiwa anasali. Tangu mwezi wa nane mwaka jana hajalala usiku hata mmoja kamili. Humu ndani ya gari analala, hajui kwa nini. Labda kwa sababu haliendi popote.

Alimwambia kocha Libère. Akaambiwa anywe maziwa. Akamwambia pasta. Pasta akamwombea mbele ya kanisa lote, akamfukuza pepo wa uoga kwa kipaza sauti, na mwisho wakapiga makofi na kumwambia arudishe sadaka ya shukrani: dhahabu.

Nikamwambia mimi mikono yangu pia inakuwa baridi.

"We? Unaogopa nini, karatasi?"

Ndiyo, nikasema. Karatasi. Hapo ndipo alicheka, kicheko cha kweli, wali ukamtoka.

Halafu akaniambia lile jambo. Yale makosa mawili si bahati mbaya. La kwanza, labda. La pili alisikia kuwa wamefika, akabaki hapa. Anangoja la tatu.

Nikamwambia watu watasema anakula dawa!

"Waseme. Dawa watanichukia mwaka moja, miwili. Wakisema niko na kichwa kibovu, ni ya maisha. Nani ataoa musazi? Nani atamupa kazi?"

Nikamweleza kuna njia nyingine. Mtu anaweza kuandika barua ya kujiondoa, kuna sehemu ya sababu: jeraha, ugonjwa, nyingine. Akasema basi niandike goti. Nikasema goti daktari atalipima. Akalitazama goti lake, akalipigapiga kama mtu anayempiga mbuzi mgongoni.

"Goti liko na bahati. Linafungwa bandeji, kila mutu analiambia pole."

Akaniomba nisiguse fomu. Ibaki Jabe. Sikusema ndiyo. Sikusema apana. Nilichukua sahani.

Jumanne, 18 Juni

Naweza kubadilisha anwani. Nimegundua leo: inaruhusiwa hadi dakika ya mwisho kabla ya saa yake kuanza. Ile sehemu ya anwani inapokea maneno yoyote. Nikaandika, kujaribu tu: Gari nyeupe isiyo na magurudumu, garaji ya Byamungu, nyuma ya msikiti, Buyenzi. Yote kweli. Nikayaangalia. Kitufe cha kutuma ni cha kijani.

Nikituma, hafungiwi. Lakini watakuja kugonga kioo. Na hatakuwa tena na mahali.

Nikafuta.

Saa ya chakula, shefu akiwa nje, nikaandika barua ya Lisette ya kujiondoa. Kwa Kifaransa, mistari sita. Kwamba silali tangu mwezi wa nane. Kwamba nikisikia jina langu pumzi inakata. Kwamba naomba daktari anayejua mambo hayo, na mwaka huu naomba nisikimbie. Kwenye sababu nikaweka alama penye ugonjwa. Sikuandika goti. Nikachapisha nakala moja. Nikahakikisha mara tatu kuwa ni moja kweli. Shefu akiiona atajua Kifaransa cha nani — hapa ofisini mimi tu ndiye ninayeweka alama zote juu ya herufi.

Iko ndani ya shajara hii, ukurasa wa nyuma. Mahali pa sahihi pako wazi.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika nikiwa ndani ya Carina. Mikono inatetemeka, na ikiwa na kalamu inatetemeka kidogo.

Saa kumi na mbili na dakika kumi, nikiwa njiani kwenda ofisini, simu ililia. Shangazi yake Lisette, ananong'ona. Wako mlangoni, mwanamke na mwanamume, wana sanduku la baridi na karatasi, wanasema watangoja hadi saa moja kamili. Lisette hayupo, hapokei simu, afanye nini? Nikamwambia awape chai.

Nikakimbia. Mimi! Na viatu vya ofisi, mkoba unanipiga mgongoni. Teksi zote zimelala kwenye foleni ya mafuta. Wale wa foleni walinifanya burudani ya asubuhi. "Kimbia, muheshimiwa!" "Allez, medali!" "Huyu ni wa mwisho, lakini wa mwisho anajua kuvaa!" Kila neno lilinipiga kifuani. Ni dakika tano tu, ni mzaha tu, na nilitaka ardhi inimeze. Nikawaza: yeye amevumilia haya miaka sita.

Nilimkuta Lisette yuko macho. Nimempa vitu viwili. Kwanza, kwamba wako Jabe. Pili, barua. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Nikamwambia asipoenda, atafungiwa na barua haitasomwa na mtu. Watasoma dawa tu. Akienda, atakuwa msafi, na baada ya hapo hana pa kujificha, itabidi akimbie au aseme. Nikasema mimi sitachagua. Kisha nikanyamaza, nikaanza kuandika, kwa sababu nikimwangalia nitamsihi, na wanaomsihi wametosha.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne. Kwangu mimi Jabe ni dakika kumi na tano. Kwake yeye tano.

Fundi Byamungu amepita na spana. Akauliza: imeharibika nini tena? Lisette akashusha kioo. Akamwambia, "Ni mimi, fundi. Silale." Tu hivyo. Mara ya kwanza namsikia akilisema kwa mtu bila kuulizwa. Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni betri. Akasema pole, dada. Akaenda kwenye lori lake.

Arobaini na nane. Anafunga kamba za viatu. Mguu wa kulia. Barua iko juu ya paja lake, anaisoma mwenyewe sasa, kidole chini ya mstari wa tatu.

Hamsini. Mguu wa kushoto. Amefungua mlango, mguu mmoja nje.

Ananinyooshea mkono. Hautetemeki — au unatetemeka, wangu pia, siwezi kujua. Anataka kalamu. Sijui ni kutia sahihi au ni kufuta ule mstari na kuandika goti. Ninayo hii moja tu, namp—