Kaa wa Mwezi Mpevu

Pilar, Capiz
Jumapili, baada ya misa

Kaka Eliseo mpendwa,

Nakusalimu sana. Natumaini u mzima, na kile kikohozi cha kiwanda cha barafu kimekuachia. Huku hatujambo. Goti linamsumbua Baba akishuka bwawani, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama kaa nao wamepumzika kula.

Habari kubwa ni ya kaa. Mwezi wa sita alikuja mama mmoja wa idara ya uvuvi kutufundisha sisi wanawake ufugaji wa kaa, akatutaka tujaribu wenyewe kinachowajaza nyama, tusibishane. Basi nikajenga vizimba vitatu vya mianzi, nikatia vifaranga vya kaa vya kikapu kimoja, vyote sawa na kifungo cha shati. Kizimba cha kwanza nilikiweka kwenye mizizi ya mikoko, nikawalisha konokono wa tope waliopondwa. Cha pili nikakiweka peupe, chakula kile kile. Cha tatu kikawa mikokoni pia, ila nikawapa machicha ya nazi.

Wa peupe walikula vizuri, lakini kila aliyevua ganda alibaki laini na hana pa kujificha, wenzake wakamfanya kitoweo. Waliobaki hawajai ndoo. Wa machicha walipona wengi, ila ni wadogo, na ukiwafungua ndani ni maji.

Siku ya kuwatoa ikaangukia mwezi mpevu. Jirani yetu Mama Pacing alinicheka, akasema hata mtoto mchanga anajua kaa wa mwezi mpevu ni mtupu, na kwamba nimerithi ukaidi wa Baba. Nikawatoa hivyo hivyo. Kaka, wale wa kizimba cha kwanza walijaa nyama mpaka kwenye vidole vya makucha. Mama Pacing alikula wawili, akafuta mdomo, akasema labda mwezi wa mwaka huu umekosea.

Mimi sikuweza kula. Nilikumbuka mwaka ule kaa wetu walipotoka watupu, mnunuzi akawarudisha, na ada ya chuo chako cha ubaharia ikakosekana. Ulimwambia Baba mbele ya watu kwamba ni mzembe, kwamba aliwatoa mwezi mpevu kwa haraka zake, na haraka yenyewe ilikuwa ya kuwahi siku yako ya kujiandikisha. Kijiji kizima kilikuunga mkono. Ukaondoka, na huu ni mwaka wa nne hujamsemesha.

Kaka, mwezi haukuwa na kosa, wala Baba. Kuokota konokono ilikuwa kazi yangu. Mwaka ule nilichaguliwa kucheza ngoma ya sikukuu ya mtakatifu wetu, na mazoezi yalikuwa saa zile zile maji yanapokupwa. Nikawa napita kwa muuza nazi, nachukua machicha, nawamwagia kaa, nakimbilia mazoezini. Miezi miwili hivyo. Mlipogombana nilikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza. Nilijiambia labda ni mwezi kweli. Sasa sina pa kujificha. Naona haya, na nimelia sana.

Jana nilimwambia Baba. Aliendelea kumfunga kaa makucha, akasema alijua tangu wiki ile mlipogombana, maana kikapu cha konokono kilikuwa kikavu kwenye msumari wake. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kutukanwa bure. Akasema wewe ulikuwa na hasira ya kumtosha mtu mmoja tu, akaona heri awe yeye, kwa kuwa yeye atakufa mapema na mimi ndiye dada utakayebaki naye.

Sikuombi unisamehe leo. Anza na Baba.

Mama Pacing anakusalimu. Baba hakutuma salamu, anaogopa hutazipokea. Ila amekutengea kaa majike wawili wa kizimba cha kwanza, anawapondea konokono mwenyewe kila asubuhi, na goti lile. Anasema kufika Krismasi watakuwa wamejaa sawasawa, hata mwezi uweje.

Ni mimi dada yako,
Nenita