Fuwele Iliyoshika Ukungu

Jeongseon, Gangwon
9 Novemba 2023

Mpendwa Mjomba Chil-bok,

Shikamoo. Goti limekubali kupanda ngazi za huko Essen? Na mkaza mjomba Annegret, presha imeshuka? Sisi hatujambo. Kifua cha Baba bado kinapiga filimbi, lakini anakula. Mama amemaliza kutia chumvi kabichi za kimchi ya majira ya baridi, na mgongo unamuuma.

Uliuliza kazi gani hii ya kusugua vioo mita elfu chini ya mlima. Ni fuwele za chumvi, Mjomba, kubwa kama sufuria ya wali. Chembe ikiipiga fuwele, inametameta. Tunatafuta chembe ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Juu kuna vurugu la chembe za kutoka angani. Chini, ndani ya mgodi, mlima unatukinga.

Septemba nilipata balaa. Fuwele yetu bora ilishika ukungu, maana chumvi hiyo ikinusa unyevu huharibika. Dakta Seong, mkubwa wangu, alishika kichwa. Wenzangu wakailaumu mashine ya kukausha hewa. Kesho yake nikampelekea glavu yangu, ina tundu dogo kama la sindano; unyevu wa mkono ulipitia hapo.

“Ni mimi, Dakta.”

“Bi Yeon-ok! Miezi mitano ya kuikuza!” Akaigeuza ile glavu, kisha akasema, “Basi utaisugua wewe. Ikipasuka, usinitafute.”

Siku kumi na moja niliisugua ndani ya sanduku kavu, nikiogopa hata kupiga chafya. Tukaishusha, tukaizungushia kinga ya shaba na madini ya risasi, tukapima mwanga wa fuwele wiki tatu. Jumanne Dakta akaniita kwenye skrini. Mwanga huo umeupita ule wa kabla ya ajali! Tabaka la juu nililoliondoa ndilo lililokuwa na uchafu.

“Mikono hiyo umeiazima wapi, mama?” akacheka. Sasa fuwele yangu imeingizwa kwenye utafutaji wenyewe. Hatujaona kitu bado, na huenda ikachukua miaka. Mimi nipo.

Jambo moja zaidi. Unajua Baba alivyosusa: mwanamke kukanyaga mdomo wa mgodi ni nuksi. Miaka minne hakuniuliza neno. Jana, katikati ya chakula, akaweka kijiko chini.

“Huko chini, paa mmelishika na nini?”

Nikamweleza: vyuma vimepigiliwa mwambani, na zege juu yake.

“Ukisikia mwamba unalia, usimuulize mtu. Kimbia.”

Ndivyo wewe na Baba mlivyokuwa mkiwaambia wachimbaji wapya mgodini, siyo, Mjomba? Nikamwongezea supu.

Nisalimie sana binamu Jutta na wanawe. Mbingu ziwape pumzi ndefu na majira ya baridi mepesi.

Mpwa wako akupendaye,
Ma Yeon-ok